Mzungu wa Hoteli Si Mzungu wa Nyumbani Kwake

Leo nazungumza hasa na wazazi na vijana wa huku kwetu Kusini, kuanzia Tiwi, Diani na Ukunda hadi Msambweni na Shimoni, walio katika matayarisho ya kumpeleka mtoto Ujerumani kusoma. Najua mko wengi. Harambee zimefanyika, ng'ombe wameuzwa, na pengine kipande cha shamba la minazi nacho kimekwenda. Nataka tuzungumze jambo ambalo halimo katika fomu za viza.

Mtoto wa Diani ana imani moja kubwa, nayo ni kwamba Mjerumani anamjua. Nani wa kumlaumu? Amezaliwa akiwaona. Vijana wa bichi wanaouza vinyago na safari za Wasini hukimwaga Kijerumani cha biashara bila kukwama, na wapo mama zetu wa kusuka nywele wanaohesabu kwa Kijerumani upesi kuliko kwa Kiingereza. Na Mjerumani wanayemjua ni mtu mwema: amevaa kaptura, anacheka, hana haraka, anatoa bakshishi, anauliza habari ya bibi yako aliyekuwa mgonjwa mwaka jana. Lakini huyo, msomaji, ni mtu aliye likizoni. Amefanya kazi karibu mwaka mzima ili apate kuwa mtu yule kwa wiki mbili. Mwanao haendi kukutana naye. Anakwenda kukutana na yule wa miezi iliyobaki.

Nina mpwa wangu wa kike anayesoma katika mji mmoja wa jimbo la Bavaria. Kama mjuavyo, sisi Wadigo mjomba ana neno lake kwa mtoto wa dada, kwa hivyo mengi ya huko hunifikia mimi kabla hayajamfikia baba yake. Amenipa ruhusa niyaandike, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni salamu. Kutoka Diani alibeba salamu zote za Kijerumani alizosikia ufukweni, na kule akakuta wenyeji wa Bavaria wanasema "Grüß Gott", ambayo maana yake haiko mbali na Mungu akusalimu. Alifurahi mno. Akadhani baada ya hapo yatafuata ya nyumbani, habari za asubuhi, za watu wako, za kazi, za mvua. Hayakufuata. Salamu ikishatoka, mtu amekwisha pita. Jirani wa mlango wa pili katika bweni alimsalimu hivyo kila asubuhi kwa miezi mitatu, wala hakumwuliza jina. Mpwa wangu akaamini kwamba anachukiwa. La hasha! Kwa mila ya kule, kumwacha mtu na shughuli zake ni kumheshimu. Sisi heshima yetu ni kumsimamisha mtu, wao heshima yao ni kumpisha.

Upande mwingine, wana adabu ambayo mtoto wa Pwani ataielewa haraka kuliko mtoto wa Nairobi. Wana namna mbili za kusema "wewe", moja ya kumwita rafiki na mwenzako wa rika, na nyingine ya mkubwa au mtu usiyemzoea. Profesa haambiwi ile ya kwanza. Aliyezoea kutoa shikamoo hatapata taabu hapo.

Basi lipo jiko. Katika mabweni mengi ya kule, wanafunzi wa ujia mmoja hutumia jiko moja na friji moja, na kila mtu ana rafu yake. Huku kwetu chakula kilichopo jikoni ni cha aliyepo. Kule ukinywa maziwa ya mwenzako umeiba, na utaandikiwa kikaratasi kibandikwe mlangoni pa friji watu wote wasome. Mpwa wangu alipika wali wa nazi siku moja, nazi yenyewe ya mkebe kutoka duka la Waasia, na maharagwe, akapika chungu kizima kama kwao. Akagonga milango. Wawili walisema ahsante wana kazi. Mmoja akaja, tena amekuja na kinywaji chake mwenyewe mkononi, akala vizuri, akasifu, kisha akauliza, "Ni kiasi gani?" Alitaka kulipa! Binti akalia usiku ule. Mimi nilipoambiwa nilicheka, na nadhani kilio chake na kicheko changu vyote vilikuwa na haki.

Na hapa nisisahau, maana wengi wamelala na njaa kwa ajili ya hili. Sisi tukikaribishwa chakula husema "Alhamdulillahi, nimeshiba," tukingoja kubembelezwa mara ya pili na ya tatu. Mjerumani ukimwambia umeshiba, anaamini. Sahani inaondolewa. Kanuni hiyohiyo ina faida yake kwa vijana wetu wa Kiislamu: katika karamu za wanafunzi pombe ni nyingi, lakini ukisema hapana mara moja, aghalabu hakuna anayekushurutisha. Nyama ya halali si shida katika miji mingi, kwa kuwa Waturuki wamejaa na maduka yao yako kila mahali, na misikiti mingi ni ya kwao. Hotuba ya Ijumaa huenda ikawa kwa Kituruki. Anayekwenda ajue kwamba huenda Idi yake ya kwanza akaisherehekea na watu asioelewana nao lugha hata neno moja, wakamlisha mpaka asiweze kuinuka.

Urafiki wa kule, msomaji, huandikwa katika kalenda. Huwezi kupita kwa mtu ukabisha hodi kwa kuwa umepita njia hiyo. Unaambiwa, "Tuonane Alhamisi ya wiki ya tatu, saa kumi." Na hiyo Alhamisi ikifika, saa kumi, mtu yuko pale amesimama. Hatakuvunjia miadi. (Wale wanaodhani Mjerumani hajui kuchelewa nao nawapa habari: katika vyuo vikuu vyao ipo desturi ya zamani ya robo saa. Somo lililoandikwa saa nne huanza saa nne na robo, na wote wanajua. Profesa akimaliza, wanafunzi hawapigi makofi, hugonga meza kwa vifundo vya vidole. Mpwa wangu siku ya kwanza alidhani wanamfukuza mzee wa watu.) Urafiki huo ukishashika, huo ni urafiki. Yule kijana aliyeuliza bei ya wali ndiye aliyekuja, mwaka mmoja baadaye, kumbebea kitanda na kabati ghorofa nne wakati anahama, kutwa nzima, bila hata kuombwa mara mbili. Kubebeana vyombo vya kuhama ni dalili ya undugu kule.

Lakini kati ya wali na kitanda ulipita mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo mlikuwa na majira ya baridi. Sisi wa Kwale jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili, iwe Januari au Julai. Kule mwezi wa Disemba jua huchelewa hata saa mbili asubuhi, na kufika saa kumi na nusu jioni giza limeingia. Jumapili maduka yamefungwa, na kelele ni mwiko: huwezi kupigilia msumari wala kuwasha mashine ya kufagilia. Ukiwa na familia ni siku tamu. Ukiwa peke yako chumbani, umetoka katika nyumba ya watu kumi na wawili, ni siku ndefu sana.

Kuna na matusi pia, sitaficha. Si kila anayekupita amekuheshimu, wapo waliokudharau, na mwanafunzi mweusi atakutana nao katika basi au anapotafuta chumba cha kupanga. Jambo hili si la jana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Ndiye mwandishi mkuu wa kile kitabu cha Desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903. Pamoja na elimu yake yote, wapo wanafunzi wa Kijerumani waliokataa kumheshimu kama mwalimu, akaiacha kazi. Alioa mke wa Kijerumani. Alipojaribu kurudi naye kwao mwaka 1905, watawala wa Kijerumani hawakuwaruhusu kushuka Dar es Salaam, wakarudi Ulaya. Alifia Berlin mwaka 1927. Nimewaza mara nyingi juu ya mtu huyu. Aliwaeleza Wajerumani desturi zetu za ndoa, mazishi na ukarimu, lakini hakuwapo mwenzetu wa kumwandikia yeye desturi za Wajerumani kabla hajapanda meli.

Leo mambo ni tofauti kwa kiasi. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa vya huko, na mjini Bayreuth wataalamu wamekuwa wakikusanyika tangu miaka ya 1980 katika kongamano la Kiswahili. Kijana wa Diani asishangae akikutana na Mzungu anayemwuliza juu ya tenzi za Lamu, naye hazijui!

Na kanuni za watu tusizionee uchungu sana. Mgeni akija Kaya Kinondo hapa Diani huvishwa kaniki kiunoni na kuonywa asitoke na chochote cha msituni, hata jani. Hatumwulizi kama kaniki imempendeza. Wao nao wana kaniki zao: kutenganisha taka za karatasi, za chakula na za plastiki, kurudisha chupa dukani ili urejeshewe senti 25, kukaa kimya kuanzia saa nne usiku. Mwanao atavishwa, na atazoea.

Sasa nije penye donda. Pesa.

Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kila muhula tangu 2017. Lakini kabla ya viza, asiye na ufadhili aghalabu hutakiwa kuonyesha pesa za mwaka mzima katika akaunti maalumu iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904. Kwa shilingi zetu ni kama milioni moja na laki nane. Hiyo ndiyo harambee yenu ilikokwenda. Wengi hawaelewi kwamba fedha hizo mwanafunzi hawezi kuzichota atakavyo, hupewa yuro 992 kwa mwezi, na humo hutoka kodi ya chumba, bima ya afya na chakula. Kibarua anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Zaidi ya hapo anavunja sheria.

Mpwa wangu alikuwa akiosha vyombo mkahawani usiku. Huku nyumbani tulijua tu kwamba yuko Ulaya. Kaka yake akataka pikipiki. Shangazi akataka mabati. Mimi mwenyewe sikuomba, lakini nilikuwepo wengine walipoomba, na nyumba nzima ilipokea M-Pesa yake kwa vigelegele. Kumbe mtihani mmoja wa lazima alikuwa ameshaanguka mara mbili. Na kule, msomaji, si kama kurudia KCSE. Kwa kawaida mtihani hurudiwa mara mbili tu. Ukianguka mara ya tatu unaondolewa katika somo lile, na hakuna chuo kikuu kingine cha Ujerumani kitakachokupokea kwa somo hilohilo. Kibali cha kukaa nacho huingia mashakani. Binti alikuwa amebakiwa na nafasi moja, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kila aliyempigia simu alianza na "tumekukumbuka" na kumalizia na "tafadhali".

Aliniambia usiku mmoja, nilipomwuliza swali la kijinga tu, jana alikula na nani.

"Mjomba," akasema, "tangu Ijumaa sijakula na mtu."

Tuliitana Ukunda, watu wazima tisa, nyumbani kwa dada yangu. Maneno yalikuwa makali. Walikuwepo waliosema binti amedekezwa. Mwishowe ilikubaliwa kwamba hadi amalize hakuna atakayemwomba hata shilingi, na pikipiki itangoja. Alipunguza kibarua, akajiunga na kikundi cha wanafunzi wanaosoma pamoja, akafanya ule mtihani. Alipata 4.0. Kwa Wajerumani 1 ndiyo alama bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, kwa hivyo alipenya kwenye tundu la sindano. Mama yake aliposikia nne alishangilia mtaa mzima ukajua. Muhula uliofuata binti akapata 1.7 katika somo jingine, na mama huyohuyo akaanza kumpa pole, mpaka akaelezwa.

Siku hizi tunampigia Jumapili saa tisa alasiri. Kwao huwa ni saa saba mchana wakati wa baridi na saa nane wakati wa joto, maana saa zao husogezwa mara mbili kwa mwaka. Tunaiegemeza simu kwenye jagi la maji, tunatandika mkeka, naye kule anaweka sahani yake mbele ya simu. Wiki iliyopita alikuwa na wenzake wawili wa ujia ule. Mmoja alitaka kujua kama maharagwe ya dada yangu nayo yametiwa nazi.