Ufa Wako, Shimo Lake
Jirani anachimba msingi wa ghorofa Kariakoo au Sinza, na ukuta wako unaanza kufunguka kama kinywa. Ukilalamika unaambiwa, "Kamuone mkandarasi." Usikubali. Mwaka 1876, katika kesi ya Bower dhidi ya Peate, mahakama ya Uingereza ilisema mwenye kiwanja anayeagiza uchimbaji unaoweza kuiondolea nyumba ya pili mhimili hawezi kujivua lawama kwa kumtupia fundi. Mahakama zetu zilirithi kanuni za Uingereza za kabla ya Julai 22, 1920, kwa hiyo hoja hiyo ina mashiko Tanzania. Wengi huangushwa na ushahidi. Piga picha zenye tarehe kabla mashine haijafika (najua, nani hupiga picha ukuta usio na ufa?), ita mhandisi aliyesajiliwa aandike chanzo cha nyufa, kisha uliza manispaa kama kibali kipo. Kazi ikiendelea, omba zuio mahakamani mapema. Kudai fidia ya nyumba iliyokwisha lala chini ni safari nyingine, na muda wa kufungua madai ya namna hiyo ni miaka 3. Mkipatana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, sawa, ila yaandikwe, na yasiishie kwenye plasta.