Kijiji Hakifutwi kwa Karatasi



Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 273,549 katika Wilaya ya Ngorongoro. Ile ya 2012 iliwahesabu 174,278. Wilaya ina tarafa tatu: Loliondo, Sale na Ngorongoro. Mwezi Agosti 2024, Tangazo la Serikali Na. 673 lilifuta katika tarafa ya Ngorongoro kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96. Je, watu waliohesabiwa juzi walikuwa wametoweka?

Wapo waliosema huo ni utaratibu wa ofisi tu. La hasha! Pasipo kijiji hakuna mwenyekiti wa kuchaguliwa, wala mkutano mkuu wa kuhoji mapato na matumizi. Wengine husema watu wamezidi, hifadhi inaumia. Hoja hiyo na ijadiliwe, lakini pamoja na wenyeji, wakiwa na viongozi wao. Kumziba mtu mdomo si kuhifadhi mazingira. Ibara ya 146 ya Katiba yaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, si kuwapokonya.

Tarehe 18 Agosti wananchi walianza kuandamana. Tarehe 22 Mahakama Kuu, Arusha, ikasimamisha tangazo hilo.

Viongozi wa jumuiya, tujifunze. Haki isiyodaiwa husahauliwa. Ijueni mipaka ya vijiji vyenu na idadi ya watu wake. Hudhurieni mikutano mikuu. Someni matangazo ya Serikali mapema. Asiyejua kijiji chake kimeandikwa wapi, hatajua siku kitakapofutwa.