Vijana wa Goma, kwenye LinkedIn andikeni kazi mliyoifanya

Tangu mwanzo wa mwaka wa 2025, huku Goma simu ya kijana asiye na kazi imegeuka ofisi yake. Mwezi wa kwanza Marekani ilisimamisha misaada yake, na mwisho wa mwezi uleule M23 wakaingia mjini. Mashirika yakapunguza watu, kambi za wakimbizi zikabomolewa, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Waliokuwa wakipeleka bahasha ya dosie getini, leo wananunua mega na kuandika kwenye LinkedIn wakitumaini mkubwa fulani ataona.

Wanaandika sana, lakini wote wanaandika kitu kimoja.

Jirani yangu, msichana mwenye diploma ya afya ya jamii, alikuja kwangu jioni moja na simu mkononi. «Yaya, nimeandika mara sita, hakuna anayejibu. Niangalilie kosa.» Nikasoma. Kwa Kifaransa kizuri alisema ana bidii, ana moyo wa kusaidia watu, anajua kufanya kazi pamoja na wengine hata wakati mgumu. Kosa la lugha halikuwepo. Lakini maneno yale ningeweza kuyaweka chini ya jina la mtu yeyote wa mji huu, hata la motari anayenibeba asubuhi, naye ana bidii kutushinda wengi.

Nikamuuliza: kazi yako ya mwisho, tangu asubuhi mpaka jioni ulikuwa unafanya nini? Akainamisha kichwa. «Nilikuwa natia tu klorini katika bidoni, kule ziwani.»

Hiyo «tu» ndiyo iliyonikasirisha. Mkaaji wa Goma anajua kazi hiyo ina maana gani. Familia nyingi zinachota maji moja kwa moja katika Ziwa Kivu, na kipindupindu hakituachi. Kwa hiyo ufukoni anasimama mtu mwenye sindano, anatia kipimo cha dawa katika kila bidoni ya lita 20, na kumwambia mama asubiri dakika 30 kabla ya watoto kunywa. Akasimama pale hivyo, akaona siku za kwanza akina mama wakimzunguka na kwenda kuchota mbele zaidi, wakisema maji yake yananuka javeli. Mmoja alimwaga bidoni nzima miguuni pake. Alianza kwa kuwagombeza, na ilizidi kuharibika. Baadaye akawa anakunywa kikombe cha maji yaleyale mbele yao, akakaa karibu na mama mzee anayeuza sambaza pale, na yule mama ndiye aliyeanza kuwaita wengine. Kila jioni alihesabu bidoni na kuandika katika daftari.

Sasa niambieni, mambo hayo yote yalikuwa wapi katika yale maandiko sita?

Tuliandika upya usiku ule. Mstari wa kwanza ukawa wa bidoni iliyomwagwa miguuni, maana LinkedIn inaonyesha mistari michache tu ya juu, na msomaji asipobonyeza kuona iliyobaki, umepoteza mega zako. Ukianza na furaha kubwa ya kutangaza hiki na kile, amekwisha kupita. Tukaacha na lile kosa la kugombeza watu. Yeye alitaka tulifute. Nikakataa, kwa sababu bila kosa hilo haionekani alijifunza nini.

Sitawadanganya, hakupata kazi juma lile. Alipata ujumbe wa mtu anayesimamia miradi ya maji, akiuliza bidoni zilikuwa ngapi kwa siku mwanzoni na ngapi mwishoni. Daftari lilikuwepo, akajibu.

Rafiki zangu wa ofisini wananiambia mwajiri hataki hadithi, anataka diploma na CV. Sawa, CV ina mahali pake. Na tuseme ukweli, kazi nyingi huku zinapitia kwa mjomba na shemeji, na andiko zuri halitavunja hilo. Lakini asiye na mjomba ndani ana kitu gani kingine cha kujulisha mikono yake? Wengine siku hizi wanaachia programu ya simu iwaandikie. Itaandika vizuri, lakini haikuwepo ziwani.

Ningependa pia kuona maandiko ya Kiswahili. Mashirika yanatafuta mtu anayeweza kuongea na mama wa Bulengo akaelewana naye, halafu mtu huyo anajionyesha kwa Kifaransa cha barua ya waziri! Weka Kifaransa, na chini yake aya moja ya Kiswahili ulichokitumia kazini.

Kitu kimoja sikubali: picha yako na jile ya shirika, umemshika mtoto wa mkimbizi ambaye mama yake hakuulizwa. Usitaje jina la mgonjwa, wala depo ya vyakula iko wapi, mnajua tunaishi katika hali gani. Na akikuandikia mtu kwa siri kwamba kazi ipo lakini utume kwanza pesa ya dosie, huyo ni mwizi, hata akiwa na picha ya suti.

Jirani yangu anaandaa andiko la pili, juu ya yule mama wa sambaza. Alikwenda kwanza kumwomba ruhusa. Mama amekubali, bila picha na bila jina, mradi iandikwe kwamba sambaza zake haziwi za jana.