Jengo la ghorofa ni mali ya nani baada ya kukamilika?

Kuporomoka kwa jengo la ghorofa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, asubuhi ya Novemba 16, 2024, kuliacha simanzi nchini na kuifanya Serikali iunde timu ya watu 19 kukagua majengo ya eneo hilo. Miaka 11 kabla yake, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Katika matukio yote mawili mjadala uliwaelekea wajenzi, wamiliki na watoa vibali, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, lipo swali lililobaki pembeni: jengo likishakamilika na watu wakahamia, nani analitunza?

Swali hilo lina uzito zaidi sasa kwa kuwa maisha ya ghorofani si ya wachache tena. Mradi wa Magomeni Kota, uliozinduliwa Machi 2022, peke yake ulijengwa kwa ajili ya kaya 644. Mtu aliyezoea nyumba ya kujitegemea hupanda mwenyewe kuziba bati linalovuja. Ghorofani, dari inayovuja ni sakafu ya jirani wa juu, na bomba lililopasuka limepita ndani ya ukuta usio wa mtu mmoja.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16 ya mwaka 2008, iliizingatia hali hiyo. Mwenye hati humiliki sehemu yake, lakini maeneo kama ngazi na paa ni mali ya pamoja, na chama cha wamiliki kina wajibu wa kuyatunza kwa michango ya wanachama. Kwa vitendo, mchango huo ndio unaocheleweshwa kuliko malipo mengine yote. Umeme usipolipiwa, giza huingia usiku uleule. Nguzo isiyotunzwa husimama miaka mingi bila kulalamika.

Adui mkubwa wa nguzo hiyo ni maji. Yanapopenya kwenye zege hufikia nondo, nondo hushika kutu na kutanuka, kisha hulipasua zege kutoka ndani. Katika miji ya pwani, hewa yenye chumvi huharakisha uharibifu huo. Kupaka rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu ni kuficha ugonjwa. Ufa mwembamba wa lipu hauna haja ya kumnyima mtu usingizi, lakini ufa wa mshazari unaozidi kupanuka, au mlango ulioanza kukwama ghafla kwenye fremu yake, unamhitaji mhandisi aliyesajiliwa. Vivyo hivyo kwa mkazi anayetaka kubomoa ukuta ili kupanua sebule: si kila fundi anaweza kutofautisha ukuta unaogawa vyumba na ukuta uliobeba ghorofa za juu.

Upande wa jikoni, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni hatua njema kwa afya na misitu, na maana yake ghorofani ni mitungi mingi zaidi ya gesi chini ya paa moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni na kutambaa hadi penye cheche. Anayesikia harufu yake afunge mtungi, afungue milango na madirisha, na asiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Mpira wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Moto ukishaanza, njia ya uhai ni ngazi. Ndizo hizo tunazozigeuza ghala la magunia ya mkaa, majokofu mabovu na pikipiki. Madirisha nayo yamewekewa nondo kwa hofu ya wezi, pasipo hata moja linaloweza kufunguliwa kutoka ndani. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini gari lao haliwezi kuruka magari yaliyoegeshwa langoni.

Chama cha wakazi kinachotafuta pa kuanzia kinaweza kutumia kikao kimoja tu kupata majibu ya mambo machache: swichi kubwa ya umeme ya jengo iko wapi, tangi la juu lilikaguliwa lini, na geti la ngazi likifungwa kwa kufuli usiku, nani wengine wana ufunguo mbali na mlinzi.