Mtoto Huyu Naye Hufundishika Kulala

Katika mitaa yetu ya Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, mtoto mchanga mwenye hali ya Down hupokewa kwa maneno mawili. Akilala sana, watu humpongeza mama yake: "Mungu amekupa mtoto mtulivu." Akikesha, humwambia: "Mtoto wa namna hiyo hafundishiki, vumilia tu." Yote mawili husemwa kwa nia njema, na yote mawili yaweza kumdhuru mtoto. Mimi natetea neno la tatu: mtoto huyu hufundishika kulala, mradi asiachwe peke yake, wala mama yake asiachwe peke yake.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Hali hii, ambayo waganga wa hospitali huiita trisomia 21, ilipata maelezo yake mwaka 1959, pale Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipotangaza huko Paris kwamba chembe za mwili wa mtoto wa namna hii zina kromosomu 47 badala ya 46. Basi haitokani na laana ya ukoo, wala na kosa la mama, wala na chakula alichokula akiwa mja mzito. Lakini kromosomu hiyo moja ya ziada hugusa usingizi kwa njia nyingi. Misuli ya mtoto huwa legevu, njia ya pumzi huwa nyembamba, na ulimi huonekana mkubwa katika kinywa kidogo. Tena karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo.

Kwa sababu hiyo utulivu wake wa majuma ya kwanza usisifiwe kabla ya kuchunguzwa. Mwenye misuli legevu huchoka upesi kunyonya, husinzia kabla ya kushiba, na akiona njaa huenda asilie kwa nguvu. Mama anayemwacha alale usiku kucha kwa kuwa hasumbui anaweza kumwona akikonda asijue sababu. Mtoto huyu hupaswa kuamshwa anyonye, mchana na usiku, mpaka muuguzi anayempima uzito aridhike kwamba anaongezeka vema. Kumwamsha aliyelala huonekana kama ukatili. Kwake yeye ndicho chakula.

Je, akikesha? Kabla ya kumfundisha, tumsikilize. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayekatika pumzi kwa kitambo kisha akashtuka, anayetoka jasho jingi usingizini, anayelala ameketi, au ameinamisha kichwa mpaka miguuni, au amekirudisha nyuma kupita kawaida, tusimwite mkaidi. Anatafuta hewa. Huyo apelekwe kwa mganga kwanza, na mambo ya nidhamu yangoje. Midomo yake ikigeuka rangi ya buluu, hata asubuhi isingojewe. Wala asiwepo mtu wa kumnywesha dawa ya kikohozi au tone la pombe ili alale, maana vitu vinavyoleta usingizi huweza kulegeza zaidi koo lililokwisha kulegea.

Pumzi yake ikiisha kuangaliwa, ndipo kazi ya kufundisha inapoanza, na hapo sisi tuliosomea ualimu hatuna jipya la kubuni. Anayejifunza polepole hujifunza kwa hatua ndogo, kwa mpango usiobadilika na kwa marudio mengi. Mchana apate mwanga, abebwe, aongeleshwe, achezeshwe. Jioni, kila siku saa ileile, yafuatane mambo yaleyale: kuoga, kunyonya, taa kupunguzwa, wimbo uleule, kisha kulazwa chali mahali pake, bila mto wa kichwa, ndani ya chandarua, akiwa anasinzia lakini hajalala bado. Akilalamika, mkono wa mama umguse na sauti yake imtulize, lakini asinyanyuliwe mara moja. Mtoto wa jirani huenda akazoea kwa majuma mawili. Huyu huenda akahitaji miezi. Wanatofautiana kwa muda, na muda mwalimu anaweza kuutoa.

Najua pingamizi litakalotolewa: hayo ni mambo ya Wazungu wenye vyumba vingi. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Richard Ferber, mganga wa watoto wa Boston, alipoandika mwaka 1985 juu ya kumwacha mtoto alie kwa vipindi vinavyorefushwa kidogo kidogo, alimfikiria mtoto mwenye kitanda chake na chumba chake. Kwetu, tangu Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kubomoa nyumba nyingi, ni jamaa ngapi zinazolala katika chumba kimoja! Wengine wamehamishwa na maji ya ziwa, wengine na vita. Lakini mpango wa usingizi hauhitaji ukuta. Unahitaji saa, wimbo na mkeka, navyo huhamishika pamoja na jamaa. Tena ukaribu wetu ni faida: mama aliyelala hatua moja kutoka kwenye mkeka wa mtoto husikia pumzi inapokatika. Kwa mtoto huyu ningekataa njia yoyote ya kumfungia mlango, kwa kuwa kimya chake chaweza kuwa usingizi, nacho chaweza kuwa ukosefu wa hewa.

Sasa tuulize ni nani atakayeushika mpango huo miezi yote. Mama amekesha, na kulipokucha akaenda sokoni au shambani katika bonde la Rusizi. Baba anayevua ndagala kwa taa hurudi alfajiri akitaka nyumba iwe kimya. Mara nyingi mpango huvunjika kwa uchovu wa mtu mmoja, kisha lawama humwangukia mtoto. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, nayo ni njema. Lakini sheria haibembelezi mtoto saa nane za usiku. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tumeuona mzigo wa mama huyu kuwa mwepesi kwa sababu hatujaubeba.

Kuubeba si jambo kubwa. Nyanya ajifunze wimbo uleule wa mama. Ndugu wakubwa wazime redio saa iliyopangwa. Wageni wa jioni wasimpokezane mtoto wakati wake wa kulala. Siku za mbalamwezi, baba asipotoka ziwani, jioni ya mtoto iwe mikononi mwake. Na mwenye kuzoea njia za hospitali amsindikize mama siku ya kumpeleka mtoto kupimwa moyo.

Haya yote yana uzito kuliko starehe ya usiku mmoja. Usingizini ndipo ubongo hutunza yale uliyoyapokea mchana, na watafiti wameona kwamba watoto wenye hali ya Down wanaolala vibaya hupata shida zaidi katika lugha. Tukiuacha usingizi wake uharibike, kisha tukamwita mzito wa kuelewa, tutakuwa tumemhukumu bila haki.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa kila shirika lenye mtoto wa namna hii, liwepo swali moja linalodai majina na siku: nani atamshika mtoto alasiri, saa mbili tu, ili mama yake alale?