Nyepesi, Lakini kwa Gharama ya Nani?
Ndugu yetu ameandika kwamba programu za simu zinazotengenezwa Lubumbashi zitumie Volley tu kutuma maombi kwa seva, eti maktaba nyingine ya kazi hiyo, Retrofit, ni mzigo bure. Wepesi wa Volley nakubali. Ushauri wake naukataa. Usipobadilisha mipangilio yake ya awali, Volley isipopata jibu ndani ya sekunde 2.5 hurudia ombi mara 1, hata likiwa la malipo. Jioni mtaani Katuba, mtandao ukijikokota, seva huenda imeshapokea la kwanza: muuza mikate analipa mara 2. OkHttp, maktaba inayoibeba Retrofit, kwa mipangilio ya awali husubiri sekunde 10. Nayo si malaika: haihifadhi majibu kwenye simu mpaka uiagize. Basi usiitegemee mipangilio ya awali ya yeyote kati yao: panga muda wa kusubiri mwenyewe, kila malipo yapewe namba yake ili seva iyatambue yaliyorudiwa, ndipo tubishane majina.