Peptidi na Kinga ya Mgonjwa wa Saratani

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, kama kipande kilichokatwa kwenye protini, na huweza kuundwa maabara. Kwa wagonjwa wa saratani walioporomoka kinga, hutumiwa kwa njia mbili zinazotofautiana sana, na kuzihukumu kwa pamoja ni kukosea.

Njia ya kwanza ni kuichochea kinga yote kwa jumla. Maarufu zaidi ni thaimosini alfa 1, yenye asidi amino 28, iliyopatikana katika tezi ya thaimasi ya ndama na kundi la Allan Goldstein miaka ya 1970. China imeiruhusu, Marekani haijaiidhinisha. Watetezi wake huonyesha kuongezeka kwa seli T, askari wa kinga, katika damu. Lakini mgonjwa hatafuti namba nzuri kwenye karatasi ya vipimo, anatafuta kutougua. Jaribio kubwa la China lililochapishwa mwaka 2025, lenye wagonjwa zaidi ya 1,100 wa sepsisi (maambukizi yanapouyumbisha mwili mzima) na si wa saratani hasa, halikuonyesha kuwa dawa hiyo inapunguza vifo.

Njia ya pili ni kuifundisha kinga adui mmoja, na hapo hoja ina uzito zaidi. Wenye lukemia au limfoma mara nyingi huwa na upungufu wa seli B, zinazotengeneza kingamwili, ama kwa ugonjwa au kwa dawa kama rituximab, hivyo chanjo za kawaida haziwapi kingamwili za kutosha. Huko Tübingen, Ujerumani, watafiti waliunda CoVac-1: peptidi za virusi vya korona zilizochaguliwa ili kuziamsha seli T, ambazo wagonjwa wengi wa aina hiyo bado wanazo. Sindano ni moja, chini ya ngozi, na huacha kivimbe kigumu kinachokusudiwa kuendelea kuichokoza kinga. Matokeo ya awali ya mwaka 2022 yalionyesha mwitikio wa seli T kwa asilimia 93 ya wagonjwa 14. Ni wachache mno, na mwitikio si sawa na kulindwa.

Tahadhari iongezwe kwa waliopandikizwa uboho: kinga ikichochewa ovyo, seli za mfadhili zinaweza kuushambulia mwili wa mpokeaji.

Kwa sasa peptidi za kuchochea kinga yote zibaki ndani ya majaribio yenye usimamizi. Na mgonjwa wa tibakemikali akipandwa na homa ya nyuzi 38, awahi hospitali siku hiyo hiyo, si kusubiri kichupa cha peptidi kilichoagizwa mtandaoni.